McCall na ile namba yake ya simu

Haya jamani, tuanze maana muda wenyewe mdogo. Leo naongelea The Equalizer, na sio ile muvi ya Denzel ya 2014 wala ile tamthilia mpya ya Queen Latifah, naongelea tamthilia yenyewe ya mwanzo, ya kituo cha TV cha CBS kule Marekani, ilianza Septemba 1985 ikaisha 1989, episodi 88.

Robert McCall ni jasusi mstaafu, kazi ameiacha kwa sababu yale aliyokuwa akitumwa yamemchosha roho. Anaweka tangazo gazetini, kama una shida na umezidiwa nguvu piga namba hii, basi. Watu wanapiga, wanaacha ujumbe kwenye mashine ya kurekodi simu, yeye akirudi nyumbani anasikiliza.

Mimi hapo ndo napapenda kuliko bunduki zote. Kumbukeni New York ya miaka ile ilivyokuwa, Desemba 1984 jamaa mmoja, Bernhard Goetz, aliwapiga risasi vijana wanne ndani ya treni, jiji likagawanyika, wengine wakamwita shujaa kabisa. Miezi tisa baadaye McCall anaingia hewani, na ule utangulizi wake ni hofu hiyohiyo, mwanamke kwenye lifti, watu wanaviziwa stesheni usiku, halafu mwishoni mzee kasimama mbele ya gari lake la Jaguar, taa zinamulika kwa nyuma. Lakini McCall sio Goetz, yeye anaanza kwa kukusikiliza, anakuuliza, anakaa na wewe, na mtu aliyekata tamaa hicho ndo kitu cha kwanza anachokosa.

Halafu Edward Woodward, aliyemcheza McCall, jamani yule baba! Mwingereza, wakati huo ana miaka 55, na kwao alishacheza Callan kwenye tamthilia ya jina hilo, muuaji wa serikali anayeichukia kazi yake, kwahiyo anaingia New York uso tayari una historia. Hata muziki aliupiga Stewart Copeland wa bendi ya The Police, ambaye baba yake mzazi alikuwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, yaani mtoto wa jasusi anampigia jasusi.

Ila msidhani McCall katoka msafi. Akikwama anarudi kwa bosi wake wa zamani, Control, kuomba watu na taarifa, na Control hasahau, naye siku yake ikifika anadai. Kwahiyo mama wa watu anaokolewa kwa msaada wa ofisi ileile McCall aliyoikimbia, na hilo ndo nataka tulijadili sasa hivi, nani anaanza?