Ile Filamu ya Amin Mbona Inaniacha Vuguvugu

Asanteni, kaeni, walioko nyuma sogeeni viti vipo. Wengine wenu mshanisikia nikilisema hili na leo nalisema tena, sababu kila nikitaja The Last King of Scotland, ile filamu ya 2006 juu ya Idi Amin alipoitawala Uganda, watu wananirukia eti sipendi kazi nzuri. Hapana. Forest Whitaker, aliyeigiza Amin, alifanya kazi, mpaka Kiswahili alijifunza, ile Oscar ya 2007 ni haki yake. Lakini filamu yenyewe sikuipenda wala sikuichukia, imeniacha vuguvugu, na chanzo ni yule daktari kijana wa Scotland, Nicholas Garrigan.

Mara ya kwanza niliiangalia nyumbani na mama yangu mdogo, ambaye 1974 alikuwa msichana hapa Kampala. Alikaa kimya mpaka pale Garrigan anaanza mambo na Kay, mke wa Amin, akaniuliza, huyu mzungu ni nani? Nikamwambia mama, hakuwepo, ametungwa, ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya 1998. Akasema, basi daktari wa kweli wamempeleka wapi?

Mimi hapo sikuwa na jibu. Sababu yeye na mtaa mzima walijua, Kay alikuwa binti wa mchungaji, Machi 1974 Amin akamtangazia talaka redioni pamoja na wake wenzake wawili, Agosti mwili wake ukakutwa umekatwakatwa ndani ya buti la gari, na gari lilikuwa la daktari Mganda, Mbalu Mukasa, naye akafa siku hizo hizo. Henry Kyemba, waziri wa afya wa wakati ule, alikuja kueleza alipokimbia nchi kwamba viungo vilishonwa kila kimoja mahali pake ili marehemu azikwe kama binadamu. Sasa filamu imefanya nini? Imemfuta Mukasa, ikamweka mzungu mahali pake, halafu mikono ya Kay ikashonwa kwenye miguu na miguu kwenye mikono! Jamani, huyu mama aliacha watoto. Na mimi kila nikisafiri nikisema natoka Uganda, naulizwa kuhusu ile mikono.

Namwona mtu hapo anatikisa kichwa, sinema si historia. Sawa, Foden mwenyewe hakuficha kwamba ni riwaya. Lakini wamekuja kupiga picha hapa hapa kwetu, barabara zetu, watu wetu, Abby Mukiibi yumo, Stephen Rwangyezi yumo, mtazamaji wa mbali akiona vyote hivyo ni vya kweli atajuaje kwamba daktari ndiye wa uongo? Hawezi. Na ndiye amepewa hadithi yote, yeye ndiye anaogopa, yeye ndiye anajuta, sisi tunakufa pembeni.

Angalia inavyoisha. Uwanja wa ndege wa Entebbe 1976, mateka wa ile ndege iliyotekwa wanaachiliwa, Garrigan anapenya kwenye ndege anaondoka, basi, imekwisha. Kwetu haikwisha mpaka Amin alipong'olewa Aprili 1979. Jaji Mkuu Ben Kiwanuka alichukuliwa mchana kutoka mahakamani 1972, hatumwoni. Wahindi waliopewa zile siku 90 waondoke nchini wanapita haraka haraka. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Anglikana aliuawa Februari 1977, mtaniambia filamu inaishia 1976, sawa, lakini nani aliamua iishie pale mzungu anapopanda ndege? Na walikuja kuizindua Kampala Februari 2007, miaka 30 tangu Luwum auawe, mwezi ule ule.

Nilitaka kusema pia juu ya Kiswahili, jinsi Amin alivyokitangaza lugha ya taifa 1973 na mpaka leo kuna watu wanakiogopa kama lugha ya askari, lakini mwenyekiti ananionyesha saa, hiyo tuiache. Maswali? Mzee wangu pale dirishani, kabla hujauliza, shikamoo, hebu tuambie kwanza, wewe 1974 ulikuwa wapi?