Uzi wa Rakhi na Shamba la Baba

Ahsante, mwenyekiti. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, hamjambo.

Picha ya Raksha Bandhan, sikukuu ya Wahindu, mnaijua. Mwezi mpevu wa Shravana, Julai au Agosti, dada anamfunga kaka yake uzi uitwao rakhi mkono wa kulia, anampaka tone jekundu kwenye paji la uso, anamlisha kitu kitamu, naye kaka anatoa bahasha na kuahidi kumlinda. Ndiyo maana ya jina lake, fungo la ulinzi. Watu wanapiga makofi, wanakwenda zao. Mimi nimekwisha kusema mara nyingi na leo nasema tena: msiende kwanza. Anamlinda na nini? Na baba akifa, shamba linabaki kwa nani?

Kiswahili chetu cha zamani kina neno umbu. Mwanamume akimtaja dada yake, au mwanamke akimtaja kaka yake, husema umbu langu. Tumeliacha neno hilo, tunasema kaka na dada, ambayo yanafaa hata kwa mtu wa njiani. Umbu halimfai mtu wa njiani. Raksha Bandhan ni sikukuu ya maumbu, na Mhindi wa kijijini anajua uzito wake.

Kaskazini mwa India, desturi iliyoenea vijijini ni kwamba binti haolewi kijijini kwao. Anapelekwa mbali, kwa watu asiowajua, akawe mkaza mwana wa nyumba ya wengine. Kwao alikozaliwa hupaita maika. Shravana ni mwezi wa mvua. Mabembea hufungwa mitini, na mabinti walioolewa hurudi maika kupumzika, wacheke kwa sauti, walale mpaka jua litoke. Baba na mama hawaishi milele. Wakishaondoka, mlango wa maika unashikwa na kaka. Ndiyo maana uzi ule si pambo. Mwanamke akiteswa kwa wakwe, mlango wa kukimbilia ni ule mmoja.

Tena kuna zamu ya mjomba. Wagujarati, watu wa magharibi mwa India, wana kitu wanakiita mameru: binti wa dada akiolewa, mjomba huja na nguo na vito, mbele za watu wote. Mjomba asipotokea, aibu inamkaa dada. Kwa Kigujarati mjomba huitwa mama. Ndiyo, mama! Kaka wa mama yako ni mama. Sasa pimeni wenyewe uzito wa umbu.

Tulipokuwa tunakaa Kisutu, Dar es Salaam, jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Kigujarati, mshonaji. Kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya sikukuu, alinituma posta na bahasha nyembamba ya kaka yake aliyeko India. Ndani uzi mwekundu, punje za mchele, na barua fupi. Hakukosa mwaka hata mmoja. Baba yao akafariki. Mwaka uliofuata kaka alijibu kwa bahasha nene kuliko kawaida: ndani mlikuwa na karatasi za kuachia fungu lake, na alama ya penseli ilipotakiwa saini. Akasaini. Nilimuuliza, mama, kwa nini? Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini mvua hunyesha. Akasema: “Binti yangu anaolewa mwakani. Nani ataleta mameru?”

Hilo ndilo ninalolilia. Kule Rajasthan, jimbo la India, desturi hiyo ina jina: haq tyag. Haq ni haki hii hii yetu, neno lilelile la Kiarabu. Tyag ni kuacha, kujinyima, na kwa Wahindu ni neno lenye harufu ya ucha Mungu. Dada anaacha haki yake kwa kaka, na kijiji kinamsifu. Akidai, anaambiwa amechagua shamba akamtupa kaka. Uzi uliokuwa wa kumlinda yeye unageuka kamba ya kumfunga mdomo.

Najua kuna mtu ananung'unika kule nyuma: si alipewa vitu vya harusi? Alipewa. Kwao upande wa bibi harusi ndio unaotoa, na vitu vingi vinaishia mikononi mwa wakwe. Isitoshe, sheria ya India imepiga marufuku mahari ya namna hiyo tangu 1961. Huwezi kumlipa mtu urithi kwa kitu ambacho sheria imekikataza na ambacho hakushika yeye. Mwingine atasema ndiyo dini yao. Hapana! Katika kisa kimoja cha zamani kabisa cha uzi huu, anayefunga ni Indrani na anayefungwa ni Indra, mfalme wa miungu, mumewe, akienda vitani. Wala Indrani hajaombwa shamba. Mwaka 1905, Waingereza walipoligawa jimbo la Bengal, mshairi Rabindranath Tagore aliwahimiza Wahindu na Waislamu wafungane rakhi. Uzi ni uleule. Maana tunaipa sisi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sheria niitaje mbiombio. Sheria ya urithi ya Wahindu ya 1956 ilimpa binti fungu katika mali ya baba yake mwenyewe, lakini ikamwacha nje ya umiliki wa mali ya ukoo ambao mtoto wa kiume huzaliwa nao. Marekebisho ya 2005 yakamwingiza sawa na kaka yake, na kipengele kilichokuwa kinayatenga mashamba kikaondolewa. Ikabaki hoja: je, kama baba alikufa kabla ya 2005? Mwaka 2020 Raksha Bandhan iliangukia tarehe 3 Agosti. Tarehe 11, siku nane baadaye, mahakama ya juu kabisa ya India ikaamua: haki ya binti ni ya kuzaliwa nayo, baba awe alikuwa hai mwaka 2005 au la.

Nilikwenda kumsomea yule bibi habari ile. Alisikiliza mpaka mwisho, sindano mkononi. Kisha akanionyesha nakala ya karatasi yake, mstari wa pili, ilipoandikwa kwamba ameacha kwa hiari yake mwenyewe.