Kwa nini nimebadilisha stelingi raki ya gari langu, Golf ya 2003, badala ya kuliuza

Shikamooni wazazi wangu, na nyie wenzangu habari za huko. Leo najibu lile swali, maana kila nikipandisha video linarudi: "Kaka, uko Uingereza, gari la 2003 la nini? Raki inavuja, si uliuze ununue jingine?" Raki ni kile chuma cha chini kinachogeuza matairi ya mbele ukizungusha usukani. Wengine hata hawaulizi, wanahukumu. Nikitaja bei, najisifu. Nikisema bei imeniuma, nalia njaa. Naombeni basi mnisikilize mpaka mwisho, ndipo mseme.

Injini ya gari hili ni nzima na giaboksi ni nzima. Kilichoanza ni haidroliki, yaani oili ya usukani, kupungua, na pampu yake kulia kila nikikata usukani wote wakati wa kuegesha. Fundi akalipandisha juu, akaukamua ule mpira wenye mikunjo ulio mwisho wa raki, upande wa dereva. Oili ikamtiririkia mpaka kwenye kiwiko. Mpira ule kazi yake ni kuzuia vumbi na maji, ndani unatakiwa uwe mkavu. Ukikuta oili humo, ujue sili ya ndani, ile pete ya kuzuia oili isitoke, imekwisha.

Hapo ndipo mnaponiandikia: "Hiyo ni sili tu, kwa mafundi wa Gerezani, Dar, unapeleka asubuhi, jioni unaondoka nalo." Ni kweli kabisa, na mafundi wetu nawaheshimu sana. Nyumbani fundi anaishusha raki, anaifungua, anabadilisha sili, na hela ya ufundi inabebeka. Ikivuja tena unamrudia. Huku hesabu ni kinyume: kinachouma zaidi ni mkono wa fundi kuliko spea. Gereji niliyokwenda inatoza pauni 65 kwa saa kabla ya kodi ya VAT ya asilimia 20, na kazi ilihesabiwa saa nne, kwa sababu raki ya Golf hii imelala juu ya fremu ndogo iliyo chini ya injini, na fremu hiyo lazima ishushwe kwanza. Piga hesabu: pauni 312 za ufundi pekee. Ukishazilipa, hutaki kuishusha tena mwakani kwa ajili ya sili.

Halafu kuna chumvi. Msimu wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu isishike. Mpira ukichanika kidogo tu, maji ya chumvi yanaingia na kuila ile shafti inayong'aa, inayoteleza kushoto na kulia katikati ya sili. Fundi alinionyesha ya kwangu: vishimo vidogovidogo vya kutu, ukipitisha ukucha unakwama. Hapo hata ukiweka sili ya bei gani, ule ukwaruzo utaikata tu. Kama shafti yako bado laini, badilisha sili kwa amani. Yangu haikuwa hivyo, ndiyo maana nikabadilisha raki nzima.

Mwingine kasema niongeze oili niendelee kuendesha. Jamani, huku gari likishapita miaka 3 linakaguliwa kila mwaka, ndiyo MOT, ada yake ya juu ni pauni 54.85. Haidroliki ikivuja ni kosa kubwa, unafelishwa. Na matokeo yanawekwa mtandaoni, mtu yeyote mwenye namba ya gari anayasoma, ya miaka ya nyuma pia. Sasa huyo wa kumuuzia atanipa bei gani? Ya chuma chakavu. Na mimi nikanunue la nani kwa hela hiyo? La mtu mwingine anayekimbia tatizo lake, ambalo silijui.

Raki nilichukua iliyokarabatiwa, pauni 190, pamoja na amana ya pauni 60 unayorudishiwa ukipeleka ile ya zamani. Amana hii ndiyo iliyonichosha. Nimefunga boksi vizuri, usafirishaji nimelipa mimi, kisha wakasema raki imefika ikiwa imeharibika. Wakataka risiti, wakataka namba ya kifurushi, kila barua pepe anajibu mtu mwingine na tunaanza upya. Kilichoniokoa ni picha nilizopiga kabla ya kufunga boksi. Tafadhali piga picha, kila upande, na tarehe ionekane. Wiki hiyohiyo nyumbani naambiwa nimesusa mchango wa harusi. Sikususa, hela ilikuwa imekaa kwa watu. Liliniuma, na bado linaniuma, maana hakuna aliyeniuliza.

  

Mambo machache kwa mwenye gari kama hili. Kwanza oili: Golf hii inatumia haidroliki ya kijani, siyo ile nyekundu ya giaboksi ya otomatiki ambayo kwetu inamiminwa kwenye kila gari. Soma kitabu cha gari, kisha msimamie anayemimina. Pili, kabla raki haijafunguliwa, usukani ufungwe ukiwa umenyooka. Ukizunguka wenyewe, unakata waya wa eabegi uliojiviringisha nyuma yake, na hiyo ni gharama nyingine. Baada ya kufunga raki, upepo ulioingia kwenye haidroliki utolewe taratibu, matairi ya mbele yakiwa hewani na injini imezimwa, huku usukani ukizungushwa mwisho hadi mwisho na oili ikiongezwa. Alaimenti, yaani kunyoosha matairi, haikwepeki, mimi nililipa pauni 45.

Haya ni ya gari langu na mfuko wangu. Wewe mwenye bodi iliyooza kwa kutu, au injini inayokula oili, jibu lako linaweza kuwa kuuza, na sitakubishia. Wenye raki za umeme, zile hazina haidroliki kabisa, kwa hiyo msiniulize sili, tatizo lenu liko kwingine.