Kupiga Picha Kilimia Chini ya Mulika Mwizi

Asanteni. Nimeombwa nieleze namna ya kupiga picha za nyota tukiwa Nairobi, na naona wengine mnacheka. Mna haki. Ukiwa Umoja au Kayole, mulika mwizi, yale mataa ya mlingoti mrefu ya mtaani, ikishawaka, anga lote linakuwa rangi ya chai ya maziwa. Lenga galaksi hapo, utapata chai.

Kilimia, kile kishada cha nyota, ni habari nyingine. Nuru ya galaksi imetandazwa, kwa hiyo mwanga wa mji unaimeza. Nyota ni nukta: lenzi hukusanya nuru yake yote kwenye pikseli chache, ilhali ule mwanga wa mji unagawanyika kwa kila pikseli. Ndiyo maana nyota zilizo umbali wa miaka ya nuru 440 hivi zinanaswa hata ukiwa uani katikati ya kamba za nguo. Ukungu wa buluu unaozizunguka ndio mtakaoukosa. Huo ufuateni Magadi, nje ya mji kwenye giza.

Katikati ya Januari, saa tatu kasorobo usiku, Kilimia kiko juu upande wa kaskazini. Msikimbilie kununua mtambo wa kufuata nyota. Maelekezo yake huanza na kulenga Nyota ya Kaskazini, nayo kwetu hapa iko chini ya upeo. Kamera na mguu wake vinatosha. Kwa lenzi ya milimita 135, msizidishe sekunde 2, la sivyo nyota zitavutika ziwe vijistari. Fokasi msiiachie kamera: kuzeni picha ya Aldebaran, ile nyota angavu jirani ya Kilimia, kwenye kioo, zungusheni lenzi mpaka iwe ndogo kabisa. Hifadhini faili ghafi (RAW), si JPEG.

Kisha pigeni nyingi. Programu ya bure kama Siril huzipanga picha na kutafuta wastani. Picha 100 hupunguza chenga, zile punjepunje za picha ya gizani, mara 10, 400 mara 20. Ukitaka mara 40 ni picha 1,600, na hapo mimi huenda kulala.

Vichujio vya mwanga wa mji? Vilisaidia enzi za taa za sodiamu, zenye rangi chache. LED nyeupe hutoa karibu rangi zote, na nyota vilevile, kwa hiyo kichujio hakiwezi kuzitenganisha. Bakini na pesa zenu.

Mwaka 1610 Galileo alichapisha mchoro wa Kilimia wenye nyota 36. Hesabuni zenu. Aliyekuja na faili aje hapa kwenye kompyuta, tuanze na zake.