Kamera Kuukuu Ikigoma: Kuitengeneza au Kununua Nyingine

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia uamuzi unaomkabili kila mpiga picha aliyedumu na kamera moja kwa miaka mingi, siku kamera hiyo inapogoma. Idrisa, ndugu yangu, jambo hili limekufika wewe mwenyewe.

IDRISA: Limenifika, dada Salma, na limenikaa moyoni. Kamera yangu ya dijitali yenye megapikseli 12 imeanza kutoa picha zenye ukanda mweusi tii upande wa juu. Nimeishika muda mrefu mpaka raba ya mahali pa kushikia imelainika na kubanduka, na vidole vyangu vinakijua kila kitufe hata gizani. Watu wananiambia ninunue mpya, yaishe. Mimi sikubali kuitupa kabla sijajua kilichokufa ni kipi.

SALMA: Na umekijua?

IDRISA: Nadhani nimekijua. Nilipiga picha za ukuta mweupe kwa kasi mbalimbali za shata, yaani kilango kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga. Kwa 1/60 ya sekunde picha ilitoka nzima, lakini kuanzia 1/500 ukanda ulijitokeza, na kadiri nilivyoongeza kasi ndivyo ulivyozidi kutanuka. Hapo nilipata matumaini, kwa sababu sensa, yaani kile kibamba cha ndani kinachonasa picha, ikiharibika, kasoro hubaki palepale hata ukipunguza kasi. Shata ina mapazia mawili yanayofukuzana, na kwa kasi kubwa huachiana upenyo mwembamba tu. La kwanza likichoka, la pili hulifikia njiani na kuuziba upenyo huo kabla sehemu ya mwisho haijapata mwanga.

SALMA: Basi tatizo lako ni kwenye sehemu ambayo kwa asili yake huchakaa. Watengenezaji huzijaribu shata za kamera nyingi za daraja la kati kwa mipigo 100,000 hadi 200,000, ingawa tarakimu hiyo si ahadi: nyingine hufa mapema, nyingine huvuka mbali. Shata hubadilishwa nzima. Ingekuwa saketi kuu au sensa, ningekushauri uachane nayo, kwa sababu kipuri chenyewe kinaweza kukaribia bei ya kamera iliyotumika ya aina ileile.

IDRISA: Shida ni vipuri. Kamera ikishaondolewa sokoni, baada ya miaka kadhaa mtengenezaji huacha kuvitoa, na fundi hulazimika kung'oa shata kwenye kamera nyingine iliyokufa. Shata hiyo nayo imeshatembea, kwa hiyo nitamuuliza waziwazi: ni mpya, au imetolewa wapi?

SALMA: Muulize, na usiifungue mwenyewe. Kamera yenye flashi ya ndani ina kapasita inayoweza kuhifadhi umeme wa mamia ya volti hata betri ikiwa imetolewa. Sasa niruhusu niwatetee wanaokwambia ununue mpya. Sensa za leo huona vizuri zaidi penye mwanga hafifu. Hilo halina ubishi.

IDRISA: Silikatai. Ila picha ya megapikseli 12 huchapishwa safi kwenye karatasi ya A4, kwa nukta 300 kwa inchi, na nyingi ya picha zangu hazizidi hapo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni lenzi. Kila lenzi hushikana na kamera kwa kiungio cha aina yake: Nikon walianzisha kile cha F mwaka 1959, na Canon kile cha EF mwaka 1987. Lenzi za EF zina mota ndani yake, hivyo zikiwekewa adapta, yaani kipande cha kuunganishia, kwenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo ndani (mirrorless), bado hufokasi zenyewe, yaani hujirekebisha picha itoke kali. Lenzi za zamani za Nikon zinazotegemea mota ya kamera hazifanyi hivyo kwa adapta ya kawaida ya Nikon. Utafokasi kwa mkono. Anayehesabu bei ya kamera peke yake anaweza kujikuta ananunua na lenzi upya.

SALMA: Hapo umenishawishi nusu. Nusu iliyobaki ni hii: kwa picha za kazi, ambazo mteja amekuamini nazo na tukio halirudiwi, usitegemee kamera moja kuukuu, hata ikitengenezwa vizuri namna gani. Mapenzi yako kwake ni haki yako, lakini hasara itakuwa ya mteja.

IDRISA: Nakubali, na kwa kazi za namna hiyo nitaazima ya pili. Hii yangu inakwenda kwa fundi. Shata mpya ikipatikana, naitengeneza. Isipopatikana, nitatafuta iliyotumika ya aina hiyohiyo ili lenzi zangu zisibaki yatima, na kabla sijalipa nitaangalia idadi ya mipigo yake, kisha niijaribu mbele ya ukuta mweupe kwa kila kasi iliyonayo.