DNA ya uyoga mahakamani: inasema nini na haisemi nini

Haya jamani tuanze, mliosimama huko nyuma viti vipo mbele. Leo naongelea uyoga wenye sumu na maabara inajuaje ni upi hasa, maana mtu akishafariki hukuti uyoga mzima mezani, unakuta mabaki pipani, matapishi, na sufuria kama hawajaiosha.

Chukueni kesi ya Leongatha, Australia. Tarehe 29 Julai 2023 mama mmoja kaalika wakwe zake na ndugu zao lunch, kapika nyama ya ng'ombe imezungushiwa uyoga uliosagwa na kufungwa kwenye unga uliokandwa, wageni walikuwa wanne, watatu wakafa, na Julai 2025 akatiwa hatiani kwa mauaji. Mabaki yalitolewa pipani, mtaalamu wa uyoga akayaangalia kwa hadubini akaona uyoga wa kawaida wa dukani tu, ila wakemia walipopima mabaki wakakuta amatoksini, sumu ya Amanita phalloides, uyoga unaoua. Hawapingani hao, uyoga ukishasagwa hadubini inaona kile kipande kilicho chini yake basi.

Hapo ndo DNA inapoingia. Unachukua kipande hata kidogo kama punje ya mchele, unatoa DNA, unakuza kwa PCR, yaani unarudufu nakala nyingi nyingi, eneo la DNA linaloitwa ITS, ambalo tangu 2012 ndo utambulisho rasmi wa fangasi, na uzuri wake kila seli ina nakala zake nyingi kwa hiyo hata sampuli mbovu unapata cha kushika. Unasoma herufi za hiyo DNA, unalinganisha na GenBank, ile hazina ya DNA ya mtandaoni, ila GenBank nayo isome kwa jicho kali, kuna watu wamepakia huko uyoga wenye majina ya uongo. Chakula kikiwa na uyoga aina tatu, ITS ya jumla inakuletea herufi zimepandana, fujo tupu, bora utumie praima, vile vipande vya DNA vya kuanzishia PCR, za Amanita phalloides peke yake tena zinazokamata kipande kifupi, maana moto na asidi ya tumbo vinakatakata DNA. Sumu yenyewe wala, ichemshe upendavyo haijali.

Sasa mawakili wanakuvizia hapa: DNA inataja uyoga, haitaji sumu ilikuwa kiasi gani. Kemia inataja amatoksini, haitaji imetoka wapi, na baadhi ya uyoga wa jamii za Galerina na Lepiota unayo pia. Nenda na majibu yote mawili, ukienda na moja watakuchana.

Halafu muda. Dalili zinachelewa, saa 6 mpaka 12 au zaidi, anaharisha, anatapika, kisha anapata nafuu ya uongo huku ini linaoza, kwa hiyo akifika hospitali tumbo limeshajimwaga. Mkojo uchukuliwe mapema, na askari aende pipani kabla gari la taka halijapita.

Ndiyo kaka, kile kipimo cha gazeti? Unakamua maji ya uyoga kwenye gazeti, yakikauka unadondoshea asidi ya haidrokloriki kali, ikigeuka bluu eti amatoksini ipo. Kinadanganya, kuna uyoga hauna amatoksini na bado unageuza rangi. Usikipeleke kwa hakimu.