Mtani wa Mwanasayansi

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa sekondari)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofunga maduka mapema mkaja, na ninyi vijana mliokaa sakafuni kwa kuwa viti vimekwisha: habari za mchana. Wakubwa zangu, shikamooni.

Kabla ya yote naomba kijana mmoja mwenye saa. Wewe hapo mlangoni, asante. Jikoni kwa mama wa kantini kuna friza, na ndani yake nimeweka vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Kimoja kina maji ya bomba, kingine kina maji yaliyotoka kuchemka. Vimeingia pamoja, saa nane kamili, tuone kipi kitaganda kwanza. Kazi yako ni kwenda kuchungulia kila baada ya dakika kumi na kuandika unachokiona. Usiguse wala usitikise. Mama wa kantini aliponiona navyo aliniuliza, "Mwalimu, umeme ukikatika, nani ameshinda?" Lishikeni swali hilo, nitalirudia.

Nimefundisha fizikia miaka mingi, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa na daftari. Habari ya sayansi inaposomwa redioni au inapotoka gazetini, mimi siandiki habari. Naandika walichosema watu waliokuwa wakiisikiliza: kwenye daladala, kwenye kijiwe cha kahawa, kwenye foleni ya luku. Watu wetu hawapokei habari kimya kimya. Hujibu papo hapo, na mara nyingi hujibu kwa utani. Nimekuja kuwaambia kwamba majibu yale ni sehemu ya sayansi yenyewe, na sisi walimu tumeyapoteza mengi kwa kusema "hebu tuwe siriasi".

Agosti 2022 ilitangazwa kwamba TTCL, shirika letu la simu, wamewasha intaneti ya kasi Mlima Kilimanjaro, imefika Horombo, kambi ya wapandaji, mita 3,720. Nilikuwa kwenye daladala nikitoka sokoni Mbuyuni. Mama mmoja mwenye tenga la ndizi akasema, "Basi nitakuwa napanda Horombo nikampigie mwanangu, maana kwangu mpaka nisimame juu ya kichuguu." Gari zima likacheka, na mimi nilicheka. Usiku nikakaa na daftari. Mama yule alikuwa ametoa somo la mawimbi lenye kila kitu ndani yake. Mawimbi ya simu hupenda njia iliyonyooka. Ukikaa korongoni, mgongo wa ardhi unakukinga na mnara. Kichuguu kinampa mita mbili, na mita mbili zinatosha kuvuka ukingo. Tena alikuwa anauliza jambo ambalo tangazo halikulijibu: nani anaamua mnara usimame wapi, na kwa hesabu gani? Kesho yake nilianza kipindi cha kidato cha tatu kwa kichuguu cha mama yule. Sijawahi kuona darasa likichora mchoro wa mawimbi kwa moyo namna ile.

Ukurasa mwingine ni wa mzee mmoja wa Kibosho. Wengi wenu mnakumbuka, mwaka 2002 timu ya mwanasayansi wa Marekani, Lonnie Thompson, ilichapisha utafiti kuhusu barafu ya Kilimanjaro. Walisema kama hali ingeendelea ilivyokuwa, barafu iliyobaki huenda ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2021, asubuhi ambayo mlima ulikuwa umefunguka vizuri, mzee akanionyesha kilele cha Kibo kwa fimbo yake: "Mwalimu, waliandika theluji ingekwisha mwaka jana. Naiona pale. Labda yenyewe haikusoma gazeti."

Nawauliza walimu wenzangu, mngemjibu nini? Kuna anayesema, "Mzee hajui kitu." Kuna anayecheka naye na kwenda zake, kisha kesho watu wote kijiweni wanaamini kuwa habari za tabianchi ni uongo. Wote wawili wamemkosea mzee, kwa sababu mzee ameuliza swali halali kabisa. Mtu akitaja tarehe amekopa, na siku ikifika atadaiwa. Mimi nilimwambia kwamba deni lile lilikuwa na sharti: "kama hali ingeendelea". Nikamwambia pia kwamba watafiti haohao walipima eneo lenyewe, wakakuta kuwa ilipofika mwaka 2000, asilimia 80 hivi ya barafu iliyokuwepo 1912 ilikuwa imekwisha. Halafu nikamuuliza, "Mzee wangu, ulipokuwa unachunga mbuzi, weupe ulishuka mpaka wapi?" Akanyanyua tena fimbo. Akaishusha. Akaishusha tena, chini kabisa ya pale alipokuwa ameionyesha mwanzo, na hakusema neno kwa muda mrefu. Mzee alikuwa na vipimo vyake mwenyewe, vya maisha mazima. Vilihitaji mtu wa kuviuliza, na utani wake ndio ulionifungulia mlango.

Sisi watu wa huku tunaujua utani kuliko mataifa mengi. Mchaga na Mpare ni watani. Mtani anaweza kuja msibani akajilaza kaburini mpaka apewe hela, na hakuna wa kumkunjia uso, maana utani una adabu yake: anayetania amekuja, yupo, anabeba jeneza pamoja na wafiwa. Kejeli ni kitu kingine. Mwenye kejeli amesimama nje ya ua, hataki jibu. Utani hudai jibu. Katika daftari langu nimejifunza kutenganisha hivyo viwili kwa alama, na mlima wetu huu umewahi kupigwa na kejeli kubwa.

Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Aliyekuwa akimwongoza njia aliuita kwa neno moja tu, baridi, na Rebmann akaliandika neno hilo katika kumbukumbu zake. Habari ilipochapishwa mwaka uliofuata, mtaalamu wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, akaidhihaki. Theluji karibu na ikweta? Aliendelea kupinga kwa miaka mingi. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken akapanda mpaka zaidi ya mita 4,000 na kuangukiwa na theluji yenyewe. Neno "baridi" lilikuwa limeshasema yote, na msemaji wake alikuwa mwongoza njia ambaye jina lake halikupewa uzito. Kila nikisoma kisa kile huniuma, kwa sababu dhihaka ya msomi mmoja mwenye vitabu ilizidi ushahidi wa ngozi ya mtu aliyefika chini ya mlima.

Sasa nisikilizeni utani mwema. Septemba 2011, watafiti wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba chembe ziitwazo nyutrino, zilizotumwa kutoka CERN, maabara kubwa ya fizikia karibu na Geneva, hadi maabara ya Gran Sasso, Italia, mwendo wa kilomita 730, zimefika nanosekunde 60 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde) mapema kuliko nuru ingefika. Dunia nzima ikaanza kutania. Mmoja ya utani ule niliuleta darasani, nikauhamishia kilabuni kwetu. Ni huu: "Mwenye kilabu anasema, 'Hapa nyutrino hapewi mbege.' Nyutrino anaingia kilabuni."

Mnaona, wengine wamecheka na wengine bado. Darasani kwangu alicheka msichana mmoja tu, wa dawati la nyuma. Nikamwomba aeleze. Akasema, "Mwalimu, amekataliwa kabla hajaingia. Kama kitu kinaipita nuru, kuna mtu atakayeona jibu likitangulia swali." Hapo ndipo fizikia ya Einstein inapouma: hakuna ujumbe unaoipita nuru, maana ukiipita, kisababishi na matokeo vinaweza kubadilishana nafasi. Sentensi mbili za kilabuni zilibeba kile nilichokuwa nimekitolea jasho vipindi vitatu.

Mwaka 2012 chanzo kikapatikana. Kiunganishi cha waya wa nuru hakikuwa kimekazwa sawasawa, na saa moja nayo ilikuwa na hitilafu. Nilimsimulia fundi redio mmoja pale Mbuyuni. Hakucheka. Aliweka chini kifaa cha kulehemu, akasema, "Mwalimu, kumbe hata Ulaya ni waya! Sisi mteja akileta redio, kabla ya kufungua tunatikisa waya." Niliandika maneno yale kwa wino mwekundu. Wale watafiti walifanya vema sana: walitangaza wakisema wazi kwamba hawaelewi, wakaomba wenzao watafute kosa. Lakini kanuni ya fundi, kwamba anza na kilicho rahisi kukatika, inafaa kubandikwa juu ya mlango wa kila maabara.

Nipite haraka kwenye akili mnemba, kwa kuwa vijana wameniomba. Mei 2024, huduma ya majibu ya Google ilimshauri mtu achanganye gundi kwenye mchuzi wa pizza ili jibini isidondoke. Ushauri ule ulitokana na mzaha ulioandikwa mtandaoni miaka kama 11 nyuma. Mashine ilisoma maneno, haikuona uso wa msemaji. Mpishi yeyote wa mama lishe angejua kwamba yule anatania. Kwa hiyo mtoto anayeweza kutambua utani ana ujuzi wa thamani kubwa, na mnapomkaripia kwa kucheka darasani, muulizeni kwanza amecheka nini.

Na sasa Erasto Mpemba. Mnalijua jina, nataka mlijue na jeraha. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Magamba, kule Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaingiza kwenye jokofu. Siku hiyo nafasi zilikuwa zinagombewa. Mwenzake akaingiza maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaingiza yake yakiwa ya moto. Saa moja na nusu baadaye ya kwake yameganda, ya mwenzake bado uji. Alimuuliza mwalimu kwa nini ya moto yametangulia kuganda, akaambiwa amechanganyikiwa. Wauza aiskrimu wa Tanga mjini walikuwa wanajua tangu zamani. Walianza na maziwa ya moto kwa sababu yanawahi.

Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku ile, akikosea hesabu kidogo tu, darasa linasema: hiyo ni hesabu ya Mpemba. Mimi ni mwalimu, na hapa nasimama kidogo. Sentensi ile ilikuwa ya kuchekesha. Ilikuwa fupi, ina mdundo, inakumbukika. Ndiyo sababu iliumiza. Mwenye chaki alimcheka mwenye swali, na swali halikujibiwa.

Halafu Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam, akaja Mkwawa kuzungumza. Mpemba akasimama akauliza lilelile, wenzake wakiona aibu. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kulijaribu. Fundi wa maabara yake alileta habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, kisha akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Osborne alikiandika kisa hicho kwa upendo, na mwaka 1969 yeye na Mpemba walichapisha pamoja. Wakati huo Mpemba alikuwa anasoma hapa juu yetu, Mweka, chuo cha wanyamapori. Unaweza kwenda kwa bodaboda ukasimama mahali alipokuwa.

Naona kijana amerudi. Soma ulichoandika. "Kimoja kimeanza kuota ngozi ya barafu pembeni. Kingine bado maji." Usitaje ni kipi.

Mama wa kantini aliuliza nani ameshinda. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa makini na hawakuona maji ya moto yakitangulia; wengine wanasema hutokea katika hali fulani. Sehemu kubwa ya ubishi ni hilohilo la mama: ushindi ni nini? Ni kufika nyuzi sifuri, ni kuota ngozi ya kwanza, au ni kuganda hadi chini? Na umeme, je, friza ilikuwa na baridi ileile muda wote? Vikombe vilikaa mahali pamoja? Mama aliyaona hayo akiwa ameshika mwiko.

Umeme upo. Kila mmoja aandike jibu lake kwenye karatasi sasa hivi, kabla mlango haujafunguliwa. Kisha twende jikoni, kumi kumi, mama wa kantini akitangulia, kwa kuwa friza ni yake na swali ni lake.